Maji Moto ya Chumba cha Nyuma

Sijaona uchafu unaonuka kama ule unaotoka ndani ya hita ya maji ya mtu anayejiona msafi. Nilifanya kazi ya kung'oa hita hizo Dubai kwa miaka minne, katikati ya ile miaka ya elfu mbili ambayo mji mzima ulikuwa unajengwa kwa wakati mmoja, na mpaka leo nikiingia katika bafu la hoteli huyaacha maji ya moto yatiririke kwanza huku nimegeuza uso. Unalegeza boliti chini ya tangi, unavuta waya wa kuchemshia, nao unatoka umevimba kwa chokaa, na nyuma yake unamwagika uji wa rangi ya kutu, wenye nyuzi za nywele na mende waliokufa siku nyingi. Mara moja, huko Mirdif, alitoka hata mjusi mzima aliyepikwa mpaka akawa mweupe. Mama mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha kahawa, akaniomba nimwage upesi kwa sababu alikuwa na wageni. Watoto wake walikuwa wakioga maji hayo tangu wazaliwe.

Kampuni yetu ilikuwa ndogo, ofisi yake chumba kimoja juu ya duka la mapazia huko Al Muraqqabat, eneo la Deira. Tuliondoa hita za umeme na boila za dizeli kwenye majumba ya watu, na mahali pake tukaweka sola juu ya paa, ile ya mirija ya vioo na tangi. Nisieleweke vibaya, kazi yenyewe niliipenda na bado naiamini. Mwezi wa nane Dubai, tangi lililo juu ya paa huchemka lenyewe bila mtu kuligusa. Ukifungua bomba la baridi unaungua. Wenyeji waliozoea huzima hita zao kabisa msimu huo, wakayaacha maji yapoe ndani ya hita iliyo ndani ya nyumba yenye kiyoyozi, kisha wakafungua bomba la moto ili wapate maji ya baridi ya kuoga. Katika mji wa namna hiyo, mtu kuchoma dizeli ili apate maji ya uvuguvugu ni upuuzi ambao hauhitaji shule kuuona.

Sababu za kubadilisha nilizijua kwa moyo kwa sababu mara nyingi mimi ndiye niliyebeba ngazi na vipimo wakati muuzaji wetu akizungumza. Moshi unapungua, kelele inakwisha, nyumba inapanda thamani, na dunia tunayowaachia watoto haitakuwa jiko. Zote ni za kweli. Lakini nilivyokaa kwenye sebule nyingi nikiwa nimeshika chepeo mkononi, nilijifunza kwamba watu hawabadilishi kwa sababu za kweli. Mmoja alibadilisha kwa kuwa jirani yake ameshabadilisha. Mwingine alitaka mirija ionekane kutoka barabarani, hata tulipomwambia upande ule haupati jua la kutosha. Tukaiweka upande ule.

Msimamizi wetu alikuwa mzee wa ukoo wa Kizanzibari, amezaliwa hukohuko Deira lakini Kiswahili chake Kiunguja kitupu, na alinifanya niionee haya lugha niliyotoka nayo kwetu Kinangop. Alikuwa na utaratibu mmoja ambao hakuuvunja hata siku moja. Kazi ikiisha, kila bomba la maji moto linafunguliwa, linapimwa kwa kipimajoto, digrii zinaandikwa kwenye karatasi ya makabidhiano, fundi anatia sahihi, mwenye nyumba anatia sahihi, na tarehe inawekwa. Alipenda kusema kwamba bomba ambalo halimo kwenye karatasi halimo duniani. Tuliona ni mzaha wa mzee mwenye kupenda kazi safi.

Nyumba ninayotaka kuieleza ilikuwa katika mtaa mpya wa majumba, mbali na Deira, ambako miti ilikuwa bado imefungiwa vigingi isianguke. Mwenye nyumba tulimwita Sir, kama tulivyowaita wote. Alikuwa mrefu, mpole wa sauti, mtu wa kukuuliza habari za safari na kungoja jibu. Alitueleza kwamba alikulia katika nchi ambako barafu ilikuwa ikishika dirishani upande wa ndani, na mama yake alikuwa akimvalisha soksi za kulalia, ndiyo maana aliapa kwamba katika nyumba yake hakuna mtu atakayesikia baridi. Aliyasema hayo mkono ukiwa kifuani. Mimi nilimpenda siku hiyo, na hilo linanikera zaidi kuliko mengine yote.

Nyuma ya nyumba, nje kabisa, kulikuwa na boila ya dizeli. Ilipasha moto bwawa la kuogelea wakati wa majira ya baridi. Ilikuwa chombo kibaya kweli, chakavu, chenye harufu ya karakana, na masizi yake yalikuwa yakitua juu ya mito myeupe ya viti vya bwawani. Sir alizungumza na muuzaji wetu juu ya dunia na watoto kwa muda mrefu, lakini ilipofika zamu ya mkewe, Madam, kushika kalamu, alichoonyesha kwa kidole ni mito ile. Masizi ndiyo yaliyoiondoa boila. Dunia ilifuata nyuma kama mtu aliyepewa lifti.

Boila hiyo ilikuwa imeegemea ukuta wa chumba cha mfanyakazi. Huyo alikuwa mama wa miaka arobaini na kitu, na nilimjua kwa kuwa spana ilinianguka kwenye kidole cha mguu nikatoa maneno, naye akachungulia kutoka dirishani kuuliza ni mtoto wa nani anayetukana Kiswahili mchana kweupe. Tulipoulizana kwetu, tukakuta kwamba vijiji vyetu vinatazamana ng'ambo ya bonde. Nikamwita anti, kama tunavyomwita mama yeyote wa rika la mama zetu, naye akaniita kijana wangu. Kila siku ya kazi aliniletea chai ya maziwa iliyopikwa pamoja na majani, si ile ya kuchovya kijikaratasi.

Anti alinieleza jambo ambalo hakuna mtu aliyeliandika mahali popote. Aliyeijenga ile boila alikuwa ametoa paipu moja ndogo ikapenya ukutani hadi kwenye bafu lake. Kwa hiyo katika miezi ya baridi alikuwa na maji ya moto, na ukuta wenyewe ulikuwa wa vuguvugu usiku kucha, na kitanda chake alikuwa amekisukuma kikagusana nao. Alisema mgongo wake haukuwa umemsumbua tangu afike Dubai. Akaniuliza hiyo sola tunayoleta itampitia upande gani.

Nikaitazama michoro. Haikumpitia upande wowote. Kulikuwa na bwawa, mabafu matatu ya ndani, jiko, na bomba moja la nje kando ya bustani lililoandikwa kwa herufi safi kuwa la kuogeshea mbwa. Bomba la mbwa lilikuwa hatua nne kutoka mlango wa anti. Nilihesabu kwa miguu yangu.

Nilimweleza msimamizi, naye akamweleza Sir, kwa adabu, tukiwa tumesimama watatu kando ya bwawa. Sir akauliza lita ngapi zitapungua kwenye bwawa. Msimamizi akamwambia ni kidogo sana, hazitaonekana. Sir akakuna kidevu, akasema ni wazo zuri, tutaliangalia katika awamu ya pili. Madam alikuwa amelala kwenye kiti na miwani ya jua; akasema bila kuinua kichwa kwamba kule nyuma kuna joto jingi, na tena yule mwanamke ametoka Afrika, hasikii baridi. Mimi natoka mahali ambapo umande huganda juu ya kabeji na ng'ombe hufunikwa magunia. Nilikwenda kushika kazi yangu.

Tukaing'oa boila. Ilipotoka iliacha ukuta mweusi, unaotiririka mafuta, na chini yake lundo la panya waliokaushwa na joto. Niliwazoa kwa koleo, nikatapika nyuma ya gari. Kisha nikaikata ile paipu ndogo ya anti, nikaifunga kwa kizibo, na matundu yote yaliyobaki ukutani nikayaziba kwa silikoni, nikayalainisha kwa kidole kilicholowa maji ya sabuni. Msimamizi alipitisha kiganja chake juu ya ukuta akasema kazi hiyo hata hewa haipiti. Nilifurahi kusifiwa.

Siku ya makabidhiano tulipima mabomba yote. Bomba la mbwa lilitoa digrii arobaini na moja, na Madam akatuomba tuliteremshe kidogo, mbwa ana ngozi laini. Tukaliteremsha, tukaandika, tukatia sahihi. Anti alikuwa amesimama kwenye kizingiti chake, mikono kwenye aproni. "Kijana wangu," akaniuliza, "na ile yangu je?"

"Yako iko njiani, anti. Wiki ijayo, inshallah."

Mimi ni Mkristo wa kubatizwa, lakini neno hilo nilikuwa nimelishika kazini kama wengine wote, na nililitumia vile tulivyozoea kulitumia pale, yaani kumwambia mtu hapana bila kumtazama machoni. Anti alikuwa ameishi Dubai muda mrefu kunishinda. Aliitikia kwa kichwa taratibu, akanishukuru.

Kabla ya Krismasi tuliitwa tena katika nyumba ile. Jikoni tulikuwa tumeweka kioo kidogo kinachoonyesha joto la tangi kwa tarakimu nyekundu, na Sir alikipenda kuliko televisheni. Aliwapeleka wageni kukitazama. Sasa alikuwa amegundua kwamba kila asubuhi mapema tarakimu zilishuka, halafu zikapanda. Alikuwa ameziandika kwenye kijitabu, siku kwa siku. Madam alikuwa ameshamjua mwizi: anti alikuwa akiteka ndoo moja kwenye bomba la mbwa kabla hawajaamka.

Hakuna aliyemfokea. Wale hawakuwa watu wa kufoka, na pengine kama wangefoka ningepata pa kushika. Sir alinieleza kwa upole kwamba si suala la maji, ni suala la utaratibu, kwa sababu anataka vipimo sahihi vya msimu wa kwanza ili awashawishi majirani wengine wabadilishe. Aliamini kabisa anachosema. Akaniomba niweke kufuli kwenye bomba la mbwa, nami nikatoa kufuli kwenye sanduku la vifaa nikaliweka. Ufunguo nikamkabidhi Madam. Wakati nafanya hivyo mbwa mwenyewe alikuwa bwawani, anaogelea, na juu ya maji kulikuwa na utando wa mafuta ya kujipaka na manyoya yake yameelea kona moja pamoja na kipande cha mkate. Bwawa lile lilikuwa la vuguvugu kama maji ya kuogeshea mtoto. Harufu ya klorini na mbwa ilinikaa puani mpaka Deira.

Siku hiyo anti hakutoka na chai. Nilimwona kupitia dirisha la kufulia akikunja mashuka. Alinipungia mkono, na uso wake haukuwa na kinyongo, na mimi nilijifanya natafuta kitu kwenye gari. Ningeweza kubisha mlango wake nikamwambia nimekataliwa. Ningeweza kuchukua mita nne za paipu na kumwekea bila kumuuliza mtu, Ijumaa wakati wako matembezini, kama mafundi wa mjini wanavyofanyiana kila siku. Nilijiambia karatasi haina bomba hilo. Niliogopa kupoteza kazi, na nilikuwa nimeshapata jina zuri la kuuitia woga huo, nikauita utaratibu.

Januari ile ilikuwa na baridi isiyo ya kawaida, yenye upepo wa jangwani unaoleta mchanga na kukausha midomo. Sasa nitaeleza kitu ambacho mtu wa kwetu atakielewa mara moja na mwingine atauliza maswali. Kwetu makaa yakishapika hayatupwi. Ukimaliza ugali, jiko lina moto bado, unaliinua kwa masikio yake unaliingiza chumbani watoto wakalale na joto. Bibi yangu alifanya hivyo, mama yangu alifanya hivyo, na hakuna aliyekufa, kwa sababu nyumba zetu za mbao zina mianya ambayo ukilala chali unaona nyota. Nyumba zile hupumua zenyewe. Hakuna aliyewahi kutufundisha kwamba tulikuwa tunaokolewa na ufukara wa fundi seremala.

Anti alichukua makaa ya kuchomea nyama bustanini, yale ya magunia yanayoshushwa kwenye gati za Deira kutoka Afrika, akayawasha nje kwenye debe alilolitoboa mwenyewe. Akachemsha maji yake ya kuoga kwenye sufuria. Kisha, kama mwanamke yeyote wa kwetu mwenye akili na mwenye kuchukia hasara, akaliingiza debe ndani lipashe chumba. Dirisha lilikuwa la alumini. Alikuwa amelibandika utepe pembeni kwa ajili ya mchanga. Mlango alikuwa ameuwekea taulo chini. Ukuta mimi ndiye niliyeuziba.

Walimkuta asubuhi kwa sababu chai ya saa moja haikufika mezani. Hakufa. Madaktari walisema mlango wake ulichelewa kidogo tu kufunguliwa, na kwamba kwa sumu ya makaa ubongo wake umekaa bila hewa ya kutosha. Mimi nilipata habari hiyo siku ya tatu, na sikuipata kama habari ya mgonjwa. Niliipata kama kazi: msimamizi alinipigia simu akaniambia nije na paipu, tii moja ya kugawa maji, na ile pasi ya kuunganishia mabomba, tunakwenda kwa Sir.

Tulipofika, Sir alitupokea mlangoni akiwa na macho mekundu, na nadhani alikuwa amelia kweli. Alisema anasikia uchungu mno. Alisema pia kwamba kuna mtu atakuja kesho kukagua chumba na kuuliza kwa nini mfanyakazi aliwasha moto ndani, na swali la kwanza litakuwa kama alikuwa na maji ya moto. Yeye nia yake siku zote ilikuwa chumba hicho kipate maji. Sote tulikuwapo alipolisema hilo kando ya bwawa. Sasa anachoomba ni tuikamilishe nia hiyo, na karatasi iseme kilichokusudiwa.

Nikafanya kazi. Chumba cha anti kilikuwa kimeshapigwa deki. Kitanda kilikuwa bado kimegusana na ukuta ambao haukuwa na joto tena, na juu yake kulikuwa na sweta mbili zimeshonwa pamoja kuwa blanketi. Nilikata paipu ya bomba la mbwa, nikaweka tii, nikapitisha mita nne na kidogo, nikatoboa ukuta, nikafungua kile kizibo nilichokiweka mwenyewe, nikaunganisha. Kazi nzima haikumaliza saa. Nilipofungua, maji yalikohoa, yakatoa kutu kidogo, kisha yakaja safi, ya moto, mengi. Msimamizi akapima. Digrii hamsini.

Alikuwa na karatasi mpya, imenakiliwa kwa mwandiko wake mzuri kutoka ile ya zamani, mstari kwa mstari, na mstari mmoja umeongezwa: chumba cha nyuma. Tarehe ilikuwa ile ya zamani. Nilimtazama. Yule mzee ambaye aliwahi kunirudisha juu ya paa kwa kosa la nusu digrii alikuwa anatazama viatu vyake.

"Tia sahihi, mwanangu, twende zetu," akasema. "Viza yako iko kwa kafeel aliyekudhamini, na kafeel na bwana huyu wanakunywa kahawa pamoja. Mie nina watoto watano skuli."

Nikatia sahihi. Sir naye akatia ya kwake, akatushika mikono kwa mikono yake miwili. Nilitaka kunawa, na nilichukia kwamba maji ya karibu kabisa yalikuwa yale.

Siku kumi baadaye niliambiwa anti ametoka hospitali na anarudishwa kwao kijijini kwa ndege. Mkaguzi alikuwa ameona bomba na ameona karatasi, na ikaandikwa kwamba mfanyakazi alikuwa na maji ya moto, akawasha makaa kwa uzembe wake mwenyewe. Kwa maneno hayo hakuwa na wa kumdai chochote, wala matibabu. Akina mama wa kanisani walikuwa wamemchukua kwenye chumba chao cha Al Muraqqabat, mtaa wa pili kutoka ofisini kwetu, wanakolala wanane kwa vitanda vya ghorofa. Nilikwenda Ijumaa baada ya ibada na mfuko wa machungwa.

Alikuwa ameketi kitanda cha chini, amevalishwa sweta, nywele zimesukwa upya. Alinifahamu mara moja akaniita kijana wangu. Aliniuliza kama nimekula. Nikamwambia nimekula. Akaniuliza tena, na mmoja wa akina mama, aliyekuwa akifanya kazi ya ulinzi katika hoteli, akanitazama kwa jicho la kuniambia nijibu tu. Mlinzi huyo ndiye aliyekuwa akishughulikia mambo yake. Alinieleza kwa sauti ya chini kwamba hawaiamini ile karatasi. Walikuwa wakimjua anti, alikuwa akija Ijumaa kuoga kwao msimu wote, na mtu mwenye bomba lake haogi kwa watu. Alisema ofisi ya kazi iko tayari kusikiliza kabla ya ndege ya Jumapili, ila inataka neno la fundi aliyeweka. Akaniuliza mbele ya wote.

"Bomba uliweka kabla ya yale makaa, ama baada?"

Kabla sijafungua mdomo anti aliinua mkono, kama mwanafunzi. Alisema amewaambia hao tangu juzi waache kumsumbua kijana. Alionyeshwa karatasi hospitalini, akaiona sahihi yangu. Kichwa chake siku hizi hakishiki vitu. Akanigeukia, akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi.

"Nisamehe, kijana wangu," akasema. "Kumbe uliniwekea maji, na mimi nikasahau. Waambie hawa."

Walikuwa wananingoja wote, juu na chini ya vitanda. Nikasema ilikuwa kabla.

"Mnaona?" anti akawaambia, akaanza kunimenyea chungwa.